Nia Inayotangulia Kitufe

Kibodi ndogo ya mkono mmoja, yaani kifaa chenye vitufe vichache kinachokaa chini ya vidole vya mkono wa kushoto huku wa kulia ukishika kipanya, si ngeni katika historia ya kompyuta, kwani Douglas Engelbart alionyesha ya vitufe vitano huko San Francisco mwezi Desemba 1968. Zinazotumiwa leo na wachezaji wa gemu zina uwezo wa kupangiwa kazi: mtumiaji huhifadhi katika kitufe kimoja mfuatano wa amri, unaoitwa makro, na baadaye mguso mmoja huutekeleza wote. Ikiwa amri zilipangwa jana na kidole kinabonyeza leo bila kuzifikiria, nia ya kitendo hicho iko wapi?

Kariakoo, eneo la biashara jijini Dar es Salaam, swali hili halihitaji gemu. Katika mashine za kutolea risiti za kodi, EFD, zilizoanza kutumika Tanzania mwaka 2010, bidhaa na bei yake huweza kuhifadhiwa ili muuzaji atoe risiti kwa kubonyeza tu. Bei ikibadilika na mashine isirekebishwe, risiti hutoa ushahidi usio wa kweli ingawa aliyebonyeza hakukusudia uongo.

Fikihi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, huieleza nia kuwa ni kukusudia jambo sambamba na kulitenda, na ndiyo maana nia ya swala huambatana na takbira ya kuhirimia, ile inayofungua swala. Saumu ya Ramadhani, hata hivyo, hunuiwa usiku kabla ya alfajiri, na mfungaji akisinzia mchana saumu yake haibatiliki. Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, naye alifundisha kwamba padri ambaye mawazo yake yanatangatanga wakati wa kutoa sakramenti hubebwa na nia aliyoanza nayo. Kwa hiyo nia huweza kukitangulia kitendo na bado ikakimiliki, na aliyepanga kitufe hawezi kujitetea kwamba mashine ndiyo iliyotenda.

Lililo gumu zaidi ni muda ambao nia hiyo hudumu. Wamaliki, wafuasi wa madhehebu mengine ya fikihi, huona kwamba nia moja yatosha mwezi mzima, kwa kuwa mfululizo wa Ramadhani ni ibada moja, isipokuwa ukikatizwa na safari au ugonjwa. Washafii hutaka nia kila usiku, kwa kuwa kila siku ni ibada inayojitegemea. Tofauti hii inafaa kupimia vitufe. Mchezo wa gemu, ambao kanuni zake hazibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, waweza kubebwa na nia moja kama mwezi wa Wamaliki, ilhali kila mauzo dukani ni mapatano mapya kati ya watu wawili, yenye bei yake na haki zake, na kwa hiyo yanastahili ukali wa Washafii. Kijana wa duka anayebonyeza bila kujua kwamba bei imepitwa na wakati halaumiwi sawa na mwenye duka aliyeipanga kisha akaiacha, kwa maana wajibu wa kuihuisha nia humfuata aliyeiweka, na kadiri kitufe kinavyomwondolea kazi ya kufikiri wakati wa kutenda, ndivyo kinavyomdai afikiri kabla duka halijafunguliwa.