Mtoto Anayejiona Panzi



Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 13, Musa anawatuma watu 12 wakaipeleleze nchi ya Kanaani. Wanakaa huko siku 40. Wote wanaiona miji ileile, wote wanayaona matunda yaleyale. Lakini wakirudi, 10 kati yao wanasema kazi hiyo haiwezekani, kwani mbele ya wenyeji walijiona wadogo kama panzi. Kalebu anasema twendeni, na Yoshua yuko upande wake. Tazameni vizuri: Maandiko hayatuambii kwamba kuna mwenyeji hata mmoja aliyewaita panzi. Jina hilo walijipa wenyewe, kisha wakaamini kwamba ndivyo wanavyoonekana na watu wote.

Watoto wengi huingia darasani wakiwa na jina la namna hiyo moyoni. Tofauti ni kwamba mara nyingi wao hawakujipa. Walipewa nyumbani.

Fikirieni siku ripoti ya shule inapofika. Mtoto amepata alama 31 katika hesabu. Baba anaisoma, anamgeukia mkewe: "Huyu wako amefuata akili za wajomba zake." Mama naye anamkumbusha shangazi fulani aliyeacha shule darasa la tano. Sasa ugomvi ni wa koo mbili. Mtoto amesimama mlangoni. Hakuna aliyesema naye, lakini amejifunza jambo moja kubwa: ujinga ni kitu cha damu. Na kilicho katika damu, atakibadilishaje? Kesho akipewa hesabu ngumu atajaribu mara moja tu, kisha aweke kalamu chini.

Mtaalamu Albert Bandura, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani hadi uzeeni na kufariki mwaka 2021, alieleza mwaka 1977 mahali ambapo mtu hupata imani kwamba anaweza kazi fulani. Kwanza, na kwa nguvu kuliko yote, ni kuifanya kazi yenyewe na kufaulu. Halafu ni kumwona mwenzake akiiweza, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili wake, kama vile hofu inayomtetemesha mkono. Imani hiyo ni ya kazi maalum: mtoto aweza kuamini kwamba anajua kutoa na kujumlisha, lakini si kugawanya. Jinsi anavyojiona yeye mwenyewe ni jambo pana zaidi, nalo hutokana sana na kujilinganisha na wengine na kusikia watu wake wanasema nini juu yake. Hatari iko katika safari kutoka lile la kwanza hadi hili la pili: "Sijui kugawanya" inakuwa "sijui hesabu," halafu "mimi ni mjinga." Mzazi ndiye anayeweza kuifunga njia hiyo mapema.

Hata mtoto hodari hupotea katika njia hii. Herbert Marsh alionyesha katika utafiti wa mwaka 1987 kwamba kati ya wanafunzi wenye uwezo sawa, yule anayesoma pamoja na wenzake hodari sana hujiona dhaifu kuliko yule wa shule ya kawaida. Sisi tumeyaona hayo Kenya miaka mingi. Mtoto anaongoza kijijini katika KCPE (mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023), anachinjiwa mbuzi, anaingia shule ya kitaifa, na muhula wa kwanza anakuwa wa 40. Je, akili zimemwisha kwa muhula mmoja? Hapana, waliomzunguka ndio waliobadilika. Leo wanaoingia gredi ya 10 hukutana na jambo hilohilo, na mzazi anayepiga simu kuuliza "umekuwa namba ngapi?" tu anaongeza mzigo.

Wala kumsifu ovyo si dawa. Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha mwaka 1998 majaribio yaliyoonyesha kwamba watoto waliosifiwa kuwa na akili walivunjika moyo baada ya kushindwa, kuliko wale waliosifiwa kwa bidii yao. Mtoto anajua mnapomdanganya.

Basi ripoti isomeni ninyi wawili kwanza, mlango umefungwa, mkubaliane mtakalosema. Ndipo mumwite. Semeni juu ya kazi, si juu ya mtoto: "Kugawanya kumekushinda wapi?" Mmoja wenu akae naye jioni, aanze na hesabu ndogo ambayo ataiweza, kisha iliyo kubwa kidogo. Anayesema hana nafasi apunguze taarifa ya habari. Kama hesabu za siku hizi zimewapita, aketi tu karibu, mtoto amweleze yeye.

Na lile neno la wajomba, aliyelisema amtake radhi mwenzake, tena mtoto akiwa palepale anasikia.