Rangi ya Chini

Kazi ifanywayo kwa matabaka humtia mtendaji katika mtihani ambao kazi ya wazi haina. Msuka ukili hana pa kuficha kosa lake, maana mkeka hutazamwa mbele na nyuma. Lakini mchoraji hufunika mkono wa kwanza wa rangi kwa mkono wa pili, na wa pili kwa wa tatu, hata kilichotangulia kikatoweka machoni pa watu. Hapo ndipo lizukapo swali: je, kisichoonekana ni sehemu ya kazi, au ni siri ya fundi peke yake? Na kama ni siri yake, ana ruhusa ya kuifanya apendavyo?

Swali hili lina makao yanayolifaa katika Jambiani, pwani ya kusini-mashariki ya Unguja. Nyumba za kale za huko zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Makumbi ya nazi hufukiwa ufukoni kwa miezi mingi, kisha wanawake huyafukua na kuyaponda ili wapate usumba wa kusokotea kamba. Mchoraji afanyaye kazi katika chumba cha nyumbani kwake mahali kama hapo hakosi vitu vya kujaribia. Aweza kuchanganya mchanga na rangi ili uso wa picha ukwaruze kama ukuta. Aweza kulaza nyuzi za usumba chini ya rangi. Aweza kupaka buluu juu ya nyekundu, kisha akaikwangua kwa kisu mpaka nyekundu ichungulie.

Majaribio hayo yana sheria zake, na sheria hizo hazimpendelei mtu. Mchanga wa pwani usiooshwa kwa maji matamu hubaki na chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya tabaka bichi hujikunja. Tabaka likaukalo upesi, likiwekwa juu ya tabaka likaukalo polepole, hupasuka. Lakini adhabu ya makosa haya haiji siku ile ile. Huja baada ya miezi au miaka, wakati picha imekwisha kutundikwa katika nyumba ya mbali ng'ambo ya bahari, na aliyeinunua amekwisha kulisahau jina la aliyeichora.

Uzito wa jambo umo humo. Mnunuzi wa picha katika kijiji cha pwani mara nyingi ni mgeni. Leo yupo, kesho hayupo. Hana jicho la kuuona mkono wa kwanza, wala hatarudi kudai. Mchoraji naye ana watoto wa kulisha na rangi ya kununua. Kumwambia asubiri siku tatu tabaka likauke huenda kukawa sawa na kumwambia achelewe chakula siku tatu. Si haki kumjibu mtu huyo kwa mahubiri mepesi.

Hata hivyo, umaskini wa zana ni jambo moja, na udanganyifu ni jambo jingine. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia vibao vya bei ndogo na rangi za kung'aa zipakwazo baiskeli. Kazi yake haikujidai kuwa kitu isichokuwa, na mtindo ulioitwa kwa jina lake umeenea mpaka Unguja. Picha ya mikono miwili ya rangi, iuzwayo kwa bei ya mikono miwili, haina aibu yoyote. Aibu ni ya ile inayouzwa kwa bei ya mikono sita.

Wala si kila kufunika ni kuficha. Chini ya picha ya mzee mpiga gitaa, aliyoichora Picasso mnamo 1903 na 1904, mionzi imefichua sura ya mwanamke aliyeanza kuchorwa kabla yake. Hakuna aliyedhulumiwa: tabaka la chini lililibeba la juu, na limeendelea kulibeba zaidi ya miaka 100. Ukuta wa chokaa katika Mji Mkongwe hupakwa chokaa tena na tena, na kila mkono huulinda uliotangulia, kwa sababu unyevu hupata njia ya kutoka. Lakini saruji ikikandikwa juu ya ukuta huo, unyevu hunaswa ndani, na ukuta ukaoza nyuma ya uso mzuri. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Yafaa kukumbuka kwamba kuupaka ufa rangi si kuuziba.

Kipimo, basi, ni hiki: tabaka la juu ni la kweli ikiwa laweza kusimama siku ambapo la chini litatajwa. Mchoraji awezaye kumweleza mnunuzi alichoweka chini, kwa mpangilio gani na kwa muda gani, hajaficha kitu hata kama hakuna kinachoonekana. Ashindwaye kueleza amekwisha kujihukumu.

Mgeni si mdhulumiwa wa pekee. Picha ikibanduka ugenini, haisemwi kwamba fulani alikosa. Husemwa kwamba picha za Unguja hazidumu, na hasara hiyo humwangukia jirani aliyesubiri siku zake tatu. Tena iko hasara ya mtendaji mwenyewe. Mkono uliozoea kuruka tabaka husahau namna ya kulipaka, na siku atakapotaka kufanya kazi ya kweli, hatauona ujuzi wake ulipo.

Chokaa chatoa funzo juu ya subira. Jiwe huchomwa likawa chokaa, chokaa huzimwa kwa maji, kisha hewa hulirudisha polepole kuwa jiwe tena. Fundi hawezi kuiharakisha hewa. Aliwezalo ni kupaka mkono mwembamba, kungoja, na kupaka mwingine, ijapokuwa hapana atakayemshukuru kwa mkono wa kwanza.