KABLA BARIDI HAIJAINGIA

Somo: 2 Timotheo 4:9-21

Tunawaandikia ninyi mlio hapa kambini upande wa Gasorwe katika Muyinga, pamoja na ndugu zetu Warundi wa Bugendana, Gitega, ambao karatasi hii itawafikia kwa mkono wa wasafiri.

Msimu umegeuka. Mvua za impeshi zimekatika, maharage yamevunwa, na sasa tumeingia katika ici, kama wenyeji wetu wanavyouita msimu huu mrefu wa kiangazi. Mchana jua ni kali, na vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria. Lakini usiku! Kila aliyelala chini ya bati au turubai mwezi wa Juni au wa Julai katika milima hii anajua baridi ni kitu gani. Asubuhi watoto wetu wanakwenda kuchota maji huku wamebana mikono kwapani. Sisi tuliotoka Minembwe na Itombwe tuliwahi kuona baridi kuliko hii, ila kule tulikuwa na nyumba, moto na maziwa. Ndugu zetu wa Uvira na Baraka, waliokulia kando ya ziwa, hiyo ndiyo inawatesa zaidi.

Na baridi ya ici haiishii mwilini. Kwetu huu ndio msimu wa matanga. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, pale Gatumba karibu na Bujumbura, zaidi ya wakimbizi 150 kutoka Kongo waliuawa katika mahema yao, wanawake na watoto wakiwa wengi. Wengi wetu tuna mtu aliyelala pale. Miaka minane kabla ya hapo, tarehe 20 Julai 1996, katika kambi ya Warundi waliokimbia makwao huko Bugendana, waliuawa watu zaidi ya 300. Wao hawakuwa wamevuka mpaka wowote. Walikuwa wakimbizi ndani ya nchi yao. Na ziko nyumba nyingine nyingi katika nchi hii zenye miaka yao ya kilio, 1972, 1993, na hakuna kabila lisilo na makaburi. Kwa hiyo ici ikiingia, mgeni na mwenyeji wanakaa kimya pamoja, kila mmoja anahesabu tarehe yake.

Ndiyo maana tumechagua somo hili. Mtume Paulo naye aliogopa baridi.

MZEE ALIYEFUNGWA, NA BARIDI INAKUJA

Paulo anaandika kutoka gerezani Roma. Ni mtu aliyejua kwamba safari yake ya duniani imefika mwisho. Hebu someni majina katika sura ile: Dema amemwacha, Kreske amekwenda Galatia, Tito Dalmatia, Tikiko ametumwa Efeso, Trofimo ameachwa Mileto akiwa mgonjwa. Luka peke yake ndiye amebaki. Je, si kama orodha ya jamaa zetu? Mmoja Nyarugusu, mmoja Nairobi, mmoja Kanada, mmoja tulimwacha njiani akiwa mgonjwa na hatujui habari zake. Paulo alikuwa mtume mkubwa, lakini familia yake ya imani ilitawanyika kama yetu.

Ndipo anamwomba Timotheo afanye haraka, afike kabla wakati wa baridi haujaingia. Kwa nini aseme hivyo? Wapendwa, katika bahari ile, siku zile, baridi ikiingia vyombo vilikuwa havisafiri. Kuanzia karibu mwezi wa Novemba mpaka Machi, mabaharia walivuta merikebu pwani wakangoja. Someni Matendo sura ya 27 mwone yaliyowapata waliojaribu kusafiri wakati umekwisha kupita. Basi Timotheo akisema, "Nitakwenda mwezi ujao," mwezi ujao njia imefungwa. Na njia itakapofunguliwa, mzee huenda hayupo.

Upendo nao una msimu wake. Kuna mlango ulio wazi leo, ambao kesho utafungwa bila mtu yeyote kukosa adabu wala kufanya ubaya. Msimu tu umegeuka.

MAMBO MATATU ALIYOOMBA

La kwanza, joho. Paulo aliliacha Troa kwa Karpo, na sasa anahitaji lile lile. Tunapenda kuona kwamba neno hili limewekwa ndani ya Maandiko Matakatifu. Mtume aliyeandika habari za taji ya haki, katika barua hiyo hiyo anaomba aletewe nguo yake. Hakuona haya. Basi mama mjane anayekuja kwa mashemasi kuomba blanketi asionekane kama mtu asiye na imani. Na ninyi mlio na blanketi mbili, msingoje kutangaziwa kanisani. Karpo alikuwa na nguo ya mtu mwingine nyumbani mwake. Huenda na wewe unayo.

La pili, vitabu, hasa vile vya ngozi. Mtu anayekaribia kufa anataka kusoma na kuandika! Sisi tulikimbia bila vitabu. Wengi hatuna cheti wala picha, wala kipande cha karatasi chenye jina la baba. Waliokufa wako ndani ya vichwa vya wazee, na wazee nao wanaondoka mmoja mmoja. Tutarudi kwenye jambo hili hapa chini.

La tatu, Marko. Paulo anaomba Marko aletwe. Marko yupi? Ni yule aliyewaacha njiani kule Pamfilia, yule ambaye kwa ajili yake Paulo na Barnaba walishindana vikali mpaka wakaachana, kama tusomavyo Matendo 15. Sasa miaka imepita, na mzee anasema mtu huyo anamfaa. Joho ni la kufunika mwili. Lakini Paulo alijua kuna baridi ambayo joho haliwezi kuizuia, nayo ni ya kufa huku umegombana na mtu.

HABARI YA BAISKELI

Wapendwa, hapa hatuhubirii wengine. Tulipokuwa chuo cha Biblia tulikuwa na rafiki mmoja Mrundi, mtoto wa Bugendana, aliyepona ule usiku wa 1996 akiwa kijana mdogo. Tulinunua baiskeli moja, nusu kwa nusu, ili tupate kwenda kuhubiri vilimani. Mmoja alipiga pedali, mwingine alibeba Biblia nyuma. Tulipomaliza masomo tuliiuza. Yeye alisema matairi mapya aliyatia kwa fedha zake. Sisi tulisema baiskeli ni ya wote wawili. Tukaachana kwa maneno mabaya, wachungaji wawili wenye vyeti mkononi, kwa bei ya matairi mawili!

Zaidi ya miaka kumi ikapita bila salamu. Mwaka jana alimtuma dereva atuambie kwamba habari ya baiskeli imekwisha, twende tule maharage pamoja. Tulifurahi sana. Tukasema tutakwenda baada ya mavuno. Kisha tukasema baada ya Krismasi. Kisha barabara ilikuwa mbaya kwa mvua, mafuta ya gari yalikuwa ya shida, na karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini ilichelewa. Sababu zote zilikuwa za kweli. Timotheo naye angeweza kuzisema.

Mwisho wa Mei simu ikalia. Rafiki yetu alikuwa amelala.

Tulipanda gari kupitia Ngozi, tukafika Bugendana siku ya tatu baada ya maziko. Njia nzima tulikuwa tunatafuta maneno ya kumwambia mke wake, hatukuyapata. Alitutazama mlangoni, akasema, "Umechelewa, Mchungaji. Lakini umefika. Keti." Akaleta maharage. Tulikula tukilia, hatuoni haya kuwaambia.

Baada ya kula akatoa daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Ndani yalikuwa majina kumi na moja: mama yake rafiki yetu, ndugu zake, majirani wa hema. Kila tarehe 20 Julai, asubuhi na mapema, aliyasoma kwa sauti mbele ya watoto wake. Mama akasema, "Nani atasoma mwaka huu? Watoto wakifika kwenye jina la bibi yao wanakwama." Tukamwambia tutakuja kusoma sisi, Mungu akipenda. Safari hii hatutangoja gari la bei nafuu.

NA SISI TULIOCHELEWA?

Tunajua baadhi yenu mnaposoma haya moyo unachoma. Mnasema, "Mchungaji, mimi baridi ilikwisha kuingia. Yule niliyetakiwa kumwendea yuko Gatumba chini ya udongo. Mtoto wangu aliniita nami nilikuwa nakimbia."

Basi sikilizeni. Biblia haituambii kama Timotheo alifika kwa wakati. Imenyamaza. Lakini inatuambia habari za mwingine aliyefika wakati watu walikwisha kuzika. Katika Yohana 11, Lazaro alikuwa na siku nne kaburini. Martha alimwambia Yesu kwamba kama angalikuwapo ndugu yake asingalikufa, na Mariamu akarudia neno lile lile. Yesu hakuwakemea dada wale kwa kusema hivyo. Wala hakuwaambia waache kulia kwa kuwa yeye atamfufua, ingawa alijua atamfufua. Alilia pamoja nao. Kama Mwana wa Mungu alitoa machozi, msimruhusu mtu yeyote, hata mchungaji, awaambie kwamba mkristo wa kweli halii.

Na Paulo, katika sura yetu, anasema siku ya hukumu yake ya kwanza hakuna mtu aliyesimama upande wake, ila Bwana alisimama naye. Yule mliyeshindwa kumfikia hakuwa peke yake usiku ule. Hilo tunaliamini, nalo ndilo linalotuwezesha kulala.

MITI ISIYOKUFA

Dada yetu mmoja, aliyeponea Gatumba, alipelekwa Marekani na wale waliopokelewa kuanzia 2007, akakaa Rochester katika jimbo la New York. Mwaka wa kwanza, mwezi wa Oktoba, aliona majani ya miti yote yanageuka manjano na mekundu, kisha yanaanguka. Mwezi wa Novemba matawi yalikuwa matupu. Akapiga simu kwa hofu: "Miti ya huku imekufa yote!" Wenyeji wakamweleza. Siku zinapofupika, mti unarudisha chakula chake ndani, unafunga mlango pale jani lilipoungana na tawi, na jani linaanguka. Ardhi ikiganda mizizi haipati maji, na mti wenye majani mengi ungekauka. Mti unaacha majani ili uishi. Mwezi wa Aprili alituambia kwamba machipukizi yametoka.

Sisi hapa hatuna theluji, lakini tunao mti ambao Warundi wanauita umurinzi, yaani mlinzi. Wakati wa ici huacha majani, na katika matawi yale matupu unatoa maua mekundu, kabla hata tone moja la mvua halijaanguka. Mungu aliahidi katika Mwanzo 8 kwamba baridi na joto, kupanda na kuvuna, havitakoma maadamu nchi ipo. Hakuahidi kuondoa baridi. Aliahidi kwamba baridi haitakaa peke yake.

TUFANYE NINI?

Wapo kati yetu waliosema, "Tutapatana tukifika Marekani." Januari 2025 serikali ya kule ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokwisha kupangwa zikafutwa. Wengine walikuwa wamekwisha kugawa masufuria yao. Tuliumia pamoja nao. Lakini tusiufungie upendo ndani ya sanduku la safari. Tusamehane hapa hapa, katika vumbi hili.

Basi tunawaomba mambo matatu, kama Paulo. Kwanza, kila nyumba yenye nguo au blanketi ya ziada ilete kwa mashemasi wiki hii, maana Julai usiku ni mrefu. Pili, kanisa limenunua daftari kubwa. Njoni na majina ya wapendwa wenu, mahali na mwaka, nasi tutayaandika, na tarehe 13 Agosti tutayasoma yote, ya kila kabila. Tatu, kila mmoja amkumbuke Marko wake. Ukijua hema lake liko wapi, nenda leo jioni. Ukiwa umechelewa, nenda vilevile. Huenda utaambiwa, "Keti."

Na wanaoweza kusafiri, tarehe 20 Julai tuongozane kwenda Bugendana. Tuna majina kumi na moja ya kusoma.

Bwana na awe pamoja na roho zenu, awafunike usiku huu na awalinde. Amina.

Ni sisi, mtumishi wenu katika shamba la Bwana.