Hofu ya Daktari Mpya



Hivi karibuni alitujia nyumbani binti mmoja wa hapa Mtae, ambaye tulimfundisha kusoma alipokuwa darasa la kwanza. Amemaliza miaka 5 ya masomo ya udaktari, na sasa anakwenda hospitali ya mkoa kuanza utarajali, yaani ule mwaka ambao daktari mpya hufanya kazi chini ya usimamizi wa wakubwa wake kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Wazazi wamekwisha kutoa shukrani, na majirani wamekwisha kumwita Daktari. Lakini yeye, alipokwisha kutuamkia, alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, usiku silali. Naogopa nitaua mtu."

Tulitaka kumjibu upesi, "Usiogope, Mungu yupo." Tukajizuia. Neno hilo ni la kweli, lakini mara nyingi twalitumia kumnyamazisha mwenye hofu ili tusisikie zaidi. Tulimwomba arudi keshokutwa, nasi tukakaa tukifikiri. Je, hofu kama hii ni udhaifu wa kuondolewa, au ina kazi yake?

Sisi watu wa Mtae tungepaswa kulijua jibu. Nyumba zetu zimejengwa juu ya genge, na chini yake ni mbuga ya Mkomazi. Hakuna mzazi hapa amwambiaye mtoto wake asiliogope genge. Twamfundisha kuliogopa, kisha twamfundisha njia ya kupita. Hali kadhalika katika zile kona za barabara ya Mombo mpaka Lushoto: ukungu ukishuka, dereva mwenye hofu hupunguza mwendo na kupiga honi. Asiye na hofu hatungempa watoto wetu awasafirishe. Wazee walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio.

Hata hivyo hofu si ya namna moja. Iko hofu ya kumdhuru mwenzako, na iko hofu ya kuonekana mjinga. Zote mbili hutetemesha mikono, hata mwenyewe asiweze kuzitenganisha. Hii ya pili twaijua sana, na hatuna budi kuungama.

Tulipotoka chuo cha ualimu tulipewa darasa la tano, somo la hesabu. Andalio la somo tulikuwa tumeliandika vizuri, lakini magoti yalikuwa yakigongana. Tukaandika ubaoni kwamba 0.4 mara 0.2 ni 0.8. Msichana mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono, akasema kwa adabu, "Mwalimu, nadhani nukta si mahali pake." Alisema kweli, jibu ni 0.08. Nasi tuliona mara ile ile kwamba amesema kweli. Lakini macho ya darasa zima yalikuwa juu yetu, tukamwambia akae chini, asivuruge somo. Akakaa. Mwaka ule wote hakunyosha mkono tena. Imepita miaka mingi, na hatujapata kumwomba radhi.

Siku ile hakufa mtu. Lakini nukta hiyo hiyo iko katika dawa. Mtoto mdogo hupewa dawa kwa kadiri ya uzito wake, na nukta ikisogea nafasi moja, dozi huwa mara 10. Kama daktari mpya ana hofu ya kudhuru, atapima uzito tena, ataandika, atamwonyesha muuguzi wa zamu, atampigia simu mkubwa wake hata saa nane za usiku. Kama ana hofu ya aibu tu, atanyamaza na kukisia. Basi hofu ya kwanza humtuma mtu kuuliza, na hofu ya pili humziba kinywa. Hii ya pili ndiyo ya kupigana nayo.

Wala asidhani kuuliza ni kwa wanaoanza tu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha wakati wa upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, na moja ilikuwa yetu ya Mtakatifu Francis, Ifakara. Nyingine zilikuwa katika miji mikubwa kama London na Toronto. Kabla kisu hakijagusa ngozi, wote waliomo chumbani hutaja majina yao na kazi zao, kisha huhakikisha kwa sauti: mgonjwa ni nani, anapasuliwa nini, mahali gani. Miongoni mwa walioulizana hivyo walikuwamo mabingwa wa miaka mingi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba, kwa hesabu ya hospitali zote pamoja, vifo vilishuka kutoka wagonjwa 15 katika kila 1,000 hadi 8. Huenda wako watu waliopona kwa sababu wakubwa walikubali kuuliza yale waliyodhani wanayajua.

Huenda mtu akasema, "Mgonjwa akiona daktari anatetemeka, atakata tamaa." Ni kweli. Kwa hiyo daktari na atulize uso wake na sauti yake. Huko si kudanganya, ni kumhurumia mgonjwa. Lakini kutuliza uso ni jambo moja, na kujifanya unajua ni jambo jingine. Aweza kusema kwa upole, "Ngoja nimwulize mwenzangu, nitarudi sasa hivi," kisha arudi kweli.

Na sisi tunaokwenda kutibiwa tuna sehemu yetu. Tukiona kijana anauliza, twanong'ona, "Huyu hajui kitu, aitwe mwingine." Tukiulizwa kama mgonjwa amekwisha kunywa dawa za miti shamba, twakana kwa kuona haya. Hivyo twamfundisha daktari wetu kuficha, kisha twamlaumu alichokificha kikituumiza. Anayekwenda kuuliza anatujali. Tumshukuru, na tumwambie kweli.

Binti alirudi keshokutwa kama tulivyomwomba. Tulimwambia haya, na habari za yule msichana wa nyuma hatukumficha. Tukamsihi ale chakula na alale kabla ya zamu, kwa sababu mwenye njaa na usingizi huzichanganya hofu zote mbili. Akauliza, "Na ile ya kwanza, Mwalimu, itaondoka lini?" Tukamjibu kwamba tunatumaini haitaondoka yote. Alicheka kidogo. Kesho yake alfajiri akapanda basi, na ukungu ulikuwa bado umetanda barabarani.

Tumkumbuke katika sala zetu, pamoja na wote wanaoanza kazi mwaka huu.