Kabla Hamjapiga Muhuri

Wanangu wa Kipili, nimesikia mnazungumzia mpango wa kupunguza hewa ya ukaa hapa kwetu, na kwamba rasimu inasubiri mkutano mkuu wa kijiji. Nimefurahi. Lakini kabla hamjaupigia muhuri, kaeni nami kidogo. Nimechoka, na sina nia ya kumpigia mtu kelele.

Miaka mingi nimesikia "kata mti, panda miti". Nimeona wageni wa heshima wakishuka mlima, wakachimba shimo, wakapanda mche, wakapigwa picha, wakaingia garini. Mche haukumaliza kiangazi, na hakuna aliyerudi kuutazama. Sisemi haya kuwakatisha tamaa. Nasema kwa kuwa safari hii jambo lenyewe limetugusa ziwani Tanganyika, kwenye chakula chetu.

Swali mnaloulizwa kijiweni ni la haki kabisa: sisi wa Kipili tumeichafua dunia kwa lipi? Jibuni kweli. Bara zima la Afrika linatoa kama asilimia 4 tu ya gesi zinazoipasha dunia joto, na katika hizo fungu la kijiji cha mitumbwi na mihogo halihesabiki. Waliotajirika kwa makaa ya mawe na petroli ndio wadaiwa, na mkipewa nafasi ya kusema hivyo, semeni. Sitaki mpango huu uandikwe kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha.

Ila ziwa halingoji kesi iishe. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, na ni Baikal peke yake, kule Urusi, inayoizidi. Chakula cha dagaa hakitegemei maji ya juu peke yake. Virutubisho vimelala chini, na upepo wa kusi wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, ndio unaoyakoroga maji na kuvipandisha. Maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi, yakakaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika nayo, na upepo ukavuma bure. Mwaka 2003 watafiti walichapisha vipimo vya ziwa hili katika majarida ya Nature na Science. Waliona joto limepanda na maji yanachanganyika kidogo kuliko zamani. Vijimea vinavyolisha dagaa huenda vimepungua kwa asilimia 20 hivi, kiasi cha kuweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Mwaka 2016 wengine wakasoma tabaka za matope ya chini ya ziwa, wakaona samaki walianza kupungua hata kabla uvuvi wa biashara haujashamiri katikati ya karne iliyopita. Kwa hiyo mvuvi anayelalamikia nyavu haramu yuko sahihi, na anayelalamikia joto naye yuko sahihi.

Kipili peke yake haiwezi kulipoza ziwa. Kongo ina asilimia 45 ya ziwa hili, sisi 41, Burundi 8, Zambia 6, na joto lenyewe linatoka mbali kuliko nchi zote hizo nne. Msiwaahidi watu kwamba wakiacha kuni, dagaa watarudi mwakani. Mkiwadanganya mara moja, hawatawasikiliza tena hata kwa lililo kweli. Na lililo kweli linatosha: kuni zinatumaliza sisi wenyewe. Zinawaharibu kina mama macho na mapafu, na miteremko iliyobaki wazi inamwaga udongo ziwani kila masika, kwenye mazalia ya samaki.

Sasa tazameni rasimu inaanzia wapi. Nimeambiwa ukurasa wa kwanza ni taa za sola za barabarani na miche. Taa sizikatai. Lakini umeme wa mkoa wetu wa Rukwa kwa miaka mingi umeletwa kutoka Zambia, ambako sehemu kubwa huzalishwa kwa maji. Ukiubadilisha kwa jua, moshi wa Kipili uko palepale. Ukame wa 2024 ulipolishusha bwawa la Kariba, wenzetu wa Zambia walikaa gizani saa nyingi kila siku, kwa hiyo sola ni akiba njema. Iandikeni hivyo, kama akiba. Kiwanda hatuna, na magari ni ya kuhesabu. Moshi wetu ni wa kuni na wa moto wa porini. Serikali yenyewe imekuwa ikitaja kwamba nchi inapoteza hekta 469,420 za misitu kwa mwaka. Mwaka 2021 Tanzania iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, na ahadi hiyo haiwezi kutimia misitu ikiendelea kwenda namna hiyo.

Kama mnataka kujua watu hubadilika vipi, nendeni mwaloni jioni, wakati maboti yanajiandaa kutoka. Zamani kila boti la dagaa liliondoka na karabai zake na madumu ya mafuta ya taa. Mtu alikesha akipiga pampu na kuzikinga chimni zisipasuke kwa maji ya mawimbi. Mafuta yakipanda bei, boti lilibaki ufukweni. Leo wengi wana taa za LED na betri, zinazochajiwa mchana kwa jua. Hakuna aliyeitisha semina. Mvuvi mmoja alipiga hesabu ya mafuta ya mwezi akaona taa mpya inajilipa, jirani yake akaona, ikaenea. Najua mwanga huo una lawama yake: asiyeogopa tena bei ya mafuta huvua muda mrefu zaidi, na samaki wachanga nao huufuata mwanga. Hilo wenzetu wa BMU, kikundi cha kusimamia mwalo, walisimamie, na walisimamie kweli. Lakini jifunzeni hapo. Kila kifungu cha rasimu kiulizeni swali moja: huyu tunayemwambia aache kuni, mwisho wa mwezi atabaki na shilingi zaidi mfukoni, au pungufu?

Mkilishika swali hilo, mtaenda moja kwa moja kwa mama anayekausha migebuka. Mtazameni, msipite. Amekata pipa, ametandaza wavu wa chuma juu yake, samaki amewapanga kichwa kwa mkia. Kuni ni mbichi, kwa sababu kavu ziko mbali siku hizi. Anapuliza, anageuza samaki mmoja mmoja kwa vidole, kwenye moshi ule ule, na mtoto yuko mgongoni. Moto uko wazi, upepo wa ziwa unaondoka na joto, samaki wanachelewa kukauka, anaongeza kuni. Sehemu kubwa ya mti ule inaishia hewani bila kumkausha samaki hata mmoja. Na faida yake ya siku nzima inapungua kwa kila fungu la kuni analoongeza.

Tanuri la matofali lililofungwa pande zote, lenye trei zinazopangwa moja juu ya nyingine, hukausha samaki walewale kwa kuni chache. Karibu mwaka 1970 kina mama wa Chorkor, mtaa wa wavuvi jijini Accra, walilitengeneza la kwao pamoja na wataalamu, na limeenea pwani nyingi za Afrika. Mafundi wetu wa matofali hawashindwi kulijenga. Dagaa nao wakianikwa kwenye vichanja badala ya mchangani hawahitaji moto kabisa kiangazi, na hupata bei nzuri kwa kuwa hawana mchanga. Masika ndiyo taabu: mvua inanyesha siku mbili mfululizo, dagaa wanaoza, jasho la usiku mzima linatupwa. Samaki aliyeoza ameshatumia petroli ya mashine na betri ya taa, kisha hakumlisha mtu. Banda la kukaushia lenye paa la nailoni linalopitisha jua lingeokoa mengi hapo. Hayo ndiyo ningetaka kuyaona ukurasa wa kwanza, na ningetaka fedha ya kwanza iende huko.

Jikoni nako kuna mambo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Nimezika majirani waliokohoa miaka. Lakini ingieni nyumba kadhaa mkaone mtungi wa gesi wa kilo 6 umesimama kwenye kona, umefunikwa kitambaa, juu yake vikombe vimepangwa. Gesi iliisha. Kuujaza kunataka nauli na fedha taslimu kwa mkupuo mmoja, na mama huyu hununua nishati yake kwa fungu, kama anavyonunua nyanya. Kabla hamjaomba mitungi mingine, ombeni mahali pa kujazia hapa hapa, na muulize VICOBA, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, vinaweza vipi kumkopesha mtu gesi ya mwezi. Asiyeweza gesi apewe jiko banifu lililojengwa vizuri, asionekane ameshindwa. Shule zimeshaagizwa: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilitakiwa kuacha kuni na mkaa mwisho wa Januari 2024. Simamieni hilo, na wazazi tuchangie pale bajeti isipofika.

Kuhusu pori, sina mengi ambayo hamyajui. Kwa wenzetu wa Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji 8 vimeitunza misitu ya milima ya Ntakata na kuuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa humo, na wamepata mabilioni ya shilingi ambayo yamejenga madarasa na huduma za afya. Najua habari hizo zimewawasha. Basi jueni kwamba fedha ile haikuja kwa kupanda miche. Ilikuja kwa msitu mkubwa uliokuwa bado umesimama, wenye mipaka kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi, wenye walinzi wa kijiji wanaoingia porini kila mara, na vipimo vinavyokaguliwa na watu wa nje. Akija mtu na mkataba wa kaboni hapa, usisainiwe jioni moja. Usomwe kwa sauti mkutanoni, kifungu kwa kifungu, na muulize unadumu miaka mingapi na kijiji kinapata fungu gani. Na kama hakuna atakayekuja, pori la kwenye miteremko yetu lilindwe vilevile, maana ndilo linaloshika udongo na vijito.

Moto kichaa wa Agosti na Septemba ndio unaoniuma kuliko yote. Mtu anachoma shamba dogo la mahindi, upepo unaupeleka moto mpaka kilele cha mlima. Huko juu uwandani wazee wa Kifipa walikuwa na kilimo cha intumba: nyasi zililazwa, zikafunikwa kwa udongo kwenye tuta la mviringo, zikaoza humo na kuwa mbolea. Uwanda ulikuwa na miti michache ya kuchoma, kwa hiyo waliishi kwa kufukia. Leo wataalamu wanatufundisha kurudisha mabaki ya mimea ardhini ili kaboni ibaki kwenye udongo, na bibi zetu walikuwa wakifanya hivyo kwa jembe la mkono. Mleteni mmoja anayejua bado, ashuke kutoka juu, aonyeshe vijana msimu mmoja. Haitagharimu zaidi ya nauli na chakula chake.

Na msiwatupie wafugaji mzigo wote. Ni rahisi kusema pori linamalizwa na waliohamia na ng'ombe wao. Wapo wanaokata, na sheria ndogo iwaguse. Lakini mkaa unaopanda malori usiku una wenyeji wake, nasi tunawajua kwa majina. Sheria ndogo ikimruka mjomba wa mwenyekiti na kumkamata mgeni, mwaka wa pili haitamkamata mtu yeyote.

Mnakumbuka kufungwa kwa ziwa, Mei 15 hadi Agosti 15, mwaka 2024. Nchi zote nne zilikubaliana, samaki wapumzike miezi mitatu. Nia ilikuwa njema na mimi niliitetea. Lakini mliona nyumba ambazo chungu hakikupanda jikoni jioni, na mliona waliotoka na mitumbwi usiku kwa sababu watoto walikuwa na njaa. Kila mahali rasimu yenu inaposema "marufuku", mstari unaofuata useme watu watakula nini kwa wakati huo. Kama mstari huo hamuwezi kuuandika, marufuku hiyo isubiri.

Kuhesabu msimwachie mtaalamu peke yake, maana ataondoka. Wekeni daftari moja ofisi ya kijiji, mabinti wawili waliomaliza kidato cha nne walishike na walipwe posho. Waandike mafungu ya kuni yanayouzwa mwaloni kwa wiki, matanuri yanayotumika kweli, siku moto ulipotoka shambani na aliyeuwasha. Kila baada ya miezi mitatu lisomwe mkutanoni, hata likiwa na aibu. Mwaka wa kwanza tarakimu zitakuwa mbaya. Msizipambe.

Mkutano wa kupitisha rasimu msiuitishe asubuhi. Asubuhi maboti yanaingia na kina mama wako mwaloni wakigombea bei. Mkipiga kengele saa hizo mtapata sisi wazee na wanaume wa kijiweni, tutanyoosha mikono, na wenye kuni watakuwa hawajasema neno. Uitisheni alasiri, wapeni kina mama wa migebuka nafasi ya kusema kwanza, na mtu aandike wanayoyasema kabla mwenyekiti hajafungua faili.