Hirizi Langoni, Mpira Hewani

Kipa anaporusha mpira kwa mkono katika Uwanja wa Umuganda mjini Gisenyi, Rwanda, kazi yake inakwisha pale vidole vinapouachia. Kuanzia hapo mpira ule wa gramu 410 hadi 450 unatawaliwa na mambo mawili: mvuto wa dunia na ukinzani wa hewa. Hata ukipinda njiani, ni hewa hiyohiyo inayosukumana na mpira unaozunguka. Na kwa kuwa Gisenyi iko kando ya Ziwa Kivu, lililo mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Mrusho uleule huko hufika mbali kidogo zaidi.

Sasa hirizi inaingilia wapi?

Swali hilo si la mzaha. Desemba 2016, timu ya Rwanda ya Mukura ilipocheza na Rayon Sports, mshambuliaji wa Rayon alikimbilia mlingoti wa goli la wapinzani katika tukio lililohusishwa na hirizi, kipa akamfukuza kwa hasira. Baadaye mshambuliaji huyo akafunga. Shirikisho la soka la Rwanda, FERWAFA, likatangaza adhabu kwa ushirikina: faini, kufungiwa mechi, timu kupokwa pointi. Halikudai kwamba uchawi umethibitishwa. Lilitaka kuzuia ugomvi.

Lilikuwa na busara. Kwa kanuni aliyoichapisha Newton mwaka 1687, mpira haubadili mwendo bila kani kuusukuma au kuuvuta. Hirizi ingelazimika kufanya hivyo, na msukumo wake ungepimika. Lakini kipa anayeamini kwamba goli lake limerogwa aweza kusita kuruka, na kusita kidogo kunatosha kufungwa.

Na sala je? Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, aliyefariki 1111, alifundisha kwamba moto hauunguzi pamba kwa uwezo wake wenyewe. Mungu ndiye anayeunguza, na tunachokiona ni desturi yake. Kwa jicho hilo kanuni za Newton hazimpingi Mungu. Newton naye alikuwa mwumini.

Tatizo liko kwenye ombi lenyewe. Anayeomba mpira upinde hewani anamtaka Mungu avunje desturi yake kwa faida ya timu moja. Anayeomba mkono usitetemeke anaonekana kuomba jambo dogo zaidi. Lakini msuli nao ni mwili, una uzito na kani zake, kwa hiyo swali limehama tu kutoka mpirani hadi mkononi.