Mtoto Akiuliza Mikindani
Qur'ani Tukufu yatuhimiza tutembee katika nchi tuzingatie mwisho wa waliotutangulia. Basi siku ya mapumziko wachukue wanao kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani, kilomita 10 hivi. Waonyeshe Boma la Wajerumani la mwaka 1895, na ghuba alikoanzia Livingstone safari yake ya bara mwaka 1866. Hayo ni mepesi. Lakini mkifika penye soko la zamani la watumwa, mtoto atauliza: "Baba, nani waliowauza?" Wengi wetu hapo huwakimbizia watoto pwani wakaogelee! Je, ni haki? Miongoni mwa wauzaji walikuwamo waliosali kama sisi. Mwambie hapo hapo, kabla hamjateremka pwani. Usipomwambia wewe, ataambiwa na wengine, kisha atakuuliza kwa nini ulinyamaza.